Kitabu Kando ya Daftari la Ubatizo



Mmexico anayetafuta mababu zake ana neema ambayo watafiti wa nchi nyingi wangeionea kijicho. Mtaguso wa Trento, uliofungwa mwaka 1563, uliwaagiza maparoko waandike ubatizo na ndoa katika daftari, na mapadri wa Hispania Mpya, kama koloni lile lilivyoitwa, walitii. Waliandika kizazi baada ya kizazi, kwa wino uliopauka na mwandiko wa kila namna, mpaka serikali nayo ilipoanza usajili wake kwa sheria aliyoitoa Benito Juárez mjini Veracruz mwezi Julai 1859. Kuanzia miaka ya 1950 Wamormoni wa Utah walianza kuyapiga picha madaftari hayo, parokia baada ya parokia. Leo mjukuu aliyezaliwa Chicago, mwenye simu na usiku mmoja wa kukesha, anaweza kusoma ubatizo wa bibi wa bibi yake uliofanyika Jerez, Zacatecas, bila kulipa hata senti.

Majina basi yanapatikana, tena tele. Mtu akikazana mwaka mmoja anakuwa na mti wenye majina mamia. Kisha maswali yanaanza kumkaba. Kwa nini babu huyu kaandikwa mulato, chotara wa Mwafrika, siku ya ubatizo, mestizo, chotara wa Mhispania na mwenyeji, siku ya ndoa, na español, Mhispania, siku ya maziko? Kwa nini ndugu wanne wamezikwa ndani ya wiki tatu? Kwa nini ukoo mzima umetoweka kijijini mwaka 1927? Daftari limenyamaza. Paroko aliandika kwa ajili ya askofu wake. Sisi hakuwa na habari nasi. Majibu yamo katika vitabu vya historia, na vitabu hivyo vipo, vingine vya kupigiwa mfano, ila wanaovisoma ni wanafunzi wa vyuo vikuu wanaokaribia mitihani. Wenye babu zao ndani ya kurasa hizo hawajui hata kama zimechapishwa.

Mada niliyopewa ni namna ya kuwakutanisha watu hao na vitabu hivyo, yaani jinsi ya kuanzisha klabu ya vitabu vya historia kwa watafiti wa nasaba za Mexico. Klabu ninayoifikiria si ya kupitisha alasiri kwa chai na riwaya, ingawa na chai sina ugomvi. Ni ya watu wanane mpaka kumi na wawili, wote wakiwa na utafiti unaoendelea. Inasoma kitabu kimoja kwa miezi miwili, maana vitabu vya historia ni vizito na watu wana kazi na watoto. Kanuni yake ya lazima ni moja: kila kikao kianze na karatasi ya mwanachama mmoja, nakala ya ubatizo au ndoa au maziko, isomwe kwa sauti kabla kitabu hakijafunguliwa. Kitabu kinachaguliwa kwa sababu kuna karatasi iliyotushinda. Klabu ikiendeshwa kinyume cha hapo, ikasoma historia ya Mexico kuanzia Cortés, Mhispania aliyeiteka, na Moctezuma, mtawala wa Waazteki, ikiteremka karne kwa karne, naitabiria kufa kabla haijafika mwaka 1600.

Tuitazame karatasi yenyewe, ubatizo wa kawaida wa miaka ya 1770 katika parokia ya kaskazini. Pambizoni kuna jina la mtoto, tuseme María Gertrudis, na chini yake neno moja: mulata. Kisha yanakuja maelezo ya mistari minane au kumi. Katika parokia hii, tarehe fulani, mimi padri msaidizi, kwa idhini ya paroko, nilimbatiza kwa taratibu zote na kumpaka mafuta matakatifu na krisma mtoto wa siku tano, binti halali wa fulani na fulani, wakazi wa shamba fulani. Msimamizi wake alikuwa fulani, niliyemkumbusha wajibu wake na udugu wa kiroho alioingia. Sahihi.

Mtafiti mchanga hunakili majina na tarehe, akafungua ukurasa unaofuata. Klabu itamshika mkono na kumrudisha. "Wakazi wa shamba fulani": shamba hilo lilikuwa la nani, na hawa walikuwa watumishi wake, wapangaji, au wakulima wenye kipande chao? David Brading aliandika kitabu kizima juu ya mashamba makubwa na madogo ya eneo la León kati ya 1700 na 1860, akaonyesha jinsi watu wa namna hizo walivyokaa pua na mdomo, wengine wakipanda ngazi na wengine wakiporomoka. "Udugu wa kiroho": hilo si pambo la padri. Msimamizi aliyemshika mtoto kwenye kisima cha ubatizo alikuwa ndugu wa mtoto na wa wazazi wake mbele ya Kanisa, na udugu huo ulikuwa kizuizi cha ndoa. Kwa hiyo ukiona watu wa shamba moja wanachagua wasimamizi kutoka shamba la pili, huenda wanahesabu wachumba watakaobaki.

Na lile neno la pambizoni? Hapa nitakaa kidogo, kwa kuwa ndipo watu wengi wanapopotea.

Kila anayeanza utafiti wa Mexico hukutana mapema na michoro ya karne ya 18 inayoonyesha baba wa aina hii, mama wa aina ile, na mtoto wao akiwa na jina lake: mestizo, castizo, mulato, morisco, lobo, coyote, mara nyingi picha kumi na sita zilizopangwa kwa safu. Ni michoro mizuri, na mingi ilinunuliwa ikapelekwa Hispania. Watu huichapa na kuibandika ukutani kana kwamba ni jedwali la sheria. Ningeshauri klabu iipige marufuku kwa mwaka wa kwanza. Paroko wa kijijini hakuwa nayo mbele yake. Alimtazama mtu, mavazi yake, kazi yake na aliofuatana nao, akasikia alivyojieleza, akaandika. Paroko aliyemfuata aliandika vingine.

Tena neno hilo lilikuwa na bei. Waindio, yaani wenyeji wa asili wa nchi, na vilevile weusi na mulato walio huru, walidaiwa kodi ya kichwa ya mfalme. Wahispania na mestizo hawakudaiwa. Ada za ndoa na maziko zilitofautiana, Mhispania akitozwa zaidi ya Mwindio. Kwa upande mwingine Mwindio alikuwa nje ya mamlaka ya Baraza la Kuhukumu Wazushi wa Dini, jambo ambalo lingeweza kumfaa mtu. Mtu yuleyule basi alikuwa na sababu ya kuitwa hivi mbele ya mtoza kodi na vile mbele ya paroko. Parokia nyingi ziliweka hata madaftari mbalimbali, la Wahispania peke yake, la Waindio peke yake, la machotara peke yake, na mtafiti anayepekua moja tu kwa kuwa nyumbani aliambiwa "sisi ni Wahispania" atakosa nusu ya ndugu zake. Vitabu vya Ben Vinson na Herman Bennett vitamfaa hapa kuliko michoro. Septemba 1822, mwaka mmoja baada ya uhuru, amri ilitolewa kwamba raia wasiandikwe tena kwa asili zao, hata katika madaftari ya parokia. Kwa utu ni hatua kubwa. Kwa mtafiti, pambizo imebaki tupu, na lazima awe ameshajifunza kusoma kilichoandikwa kabla ya hapo.

Neno mulata huwashtua wengi, hasa waliokulia Marekani wakiambiwa kwamba Mmexico ni mchanganyiko wa Mhispania na Mwindio, basi. Bennett anaeleza kwamba kufikia mwaka 1640 Hispania Mpya ilikuwa ya pili katika mabara ya Amerika kwa wingi wa Waafrika watumwa, na ya kwanza kwa wingi wa watu huru wenye asili ya Afrika. Watu hao hawakuyeyuka. Waliolewa, walioa, walibatiza, na kadiri walivyochanganyika majina yao pambizoni yalibadilika. Gonzalo Aguirre Beltrán, mzaliwa wa Tlacotalpan katika jimbo la Veracruz, alikwisha kuyasema haya mwaka 1946 katika kitabu chake juu ya watu weusi wa Mexico, na ilibidi ipite miaka zaidi ya sabini ndipo katiba ya nchi ikawatambua Wamexico wenye asili ya Afrika, mwaka 2019. Sensa ya 2020 ilipowauliza watu kama wanajihesabu hivyo, zaidi ya milioni mbili na nusu walisema ndiyo.

Upande wetu wa Bahari ya Hindi nao unaingia humu. Kati ya 1565 na 1815 merikebu za Hispania zilivuka Pasifiki kati ya Manila na Acapulco, na katika miaka mia ya mwanzo zilibeba, pamoja na hariri na vyombo vya kaure, watumwa walionunuliwa Manila. Mexico waliitwa wote chinos, Wachina, hata wale waliotoka Ufilipino na India. Miongoni mwao walikuwamo watu wa Afrika Mashariki, wa upande wa Msumbiji, waliopitishwa na Wareno kwenye masoko yao ya Asia, biashara iliyorahisishwa na kwamba kuanzia 1580 mpaka 1640 Ureno na Hispania zilikuwa chini ya mfalme mmoja. Tatiana Seijas ameliandikia jambo hili kitabu, akilifuatilia mpaka utumwa wa chinos ulipopigwa marufuku mwaka 1672. Mwenye babu aliyeandikwa chino katika bandari ya Acapulco au mji wa Puebla asikimbilie kutafuta ukoo wake China.

Baada ya ubatizo, karatasi yenye utajiri kuliko zote ni jalada la ndoa. Kabla ya kufunga ndoa wachumba walihojiwa, na mashahidi wakahojiwa, kuthibitisha kwamba wako huru na hawana udugu uliokatazwa. Udugu ulihesabiwa mpaka daraja la nne, yaani wajukuu wa wajukuu wa babu mmoja, na katika kijiji chenye nyumba thelathini ni nani asiyeangukia humo? Ikabidi waombe ruhusa. Ombi lenyewe lilieleza udugu kuanzia kwa babu wa pamoja, mara nyingi kwa kuchorewa mti, na wazee wa kijiji wakaapa kwamba ndivyo wanavyojua. Mtafiti anayepata jalada kama hilo amepewa vizazi vinne kwa mkupuo. Zikaandikwa na sababu za ombi: mahali ni padogo na wachumba wasio ndugu hawapo, binti ni maskini, hana mahari, binti amepita miaka 24 na hajaposwa, au wawili hawa wamekwisha kukutana na jina la binti litaharibika. Ukizisoma peke yako unaona aibu kwa niaba ya bibi yako. Ukizisoma na wenzako kumi, na kila mmoja ana jalada lenye maneno yaleyale, unagundua kwamba ni fomula za sheria za Kanisa, na karani alichagua iliyokubalika upesi. Bibi yako huenda alikuwa na miaka ishirini na tano na hakuwa na haraka yoyote.

Kwa jalada hilo kitabu ni cha Patricia Seed, cha mwaka 1988, juu ya migogoro ya uchaguzi wa mchumba katika Mexico ya kikoloni. Hoja yake ni kwamba Kanisa kwa muda mrefu lilisimama upande wa vijana, likiwaficha na hata kuwafungisha ndoa kwa siri wazazi walipokataa, kisha katika karne ya 18 mizani ikaelemea kwa wazazi. Mfalme alitoa amri mwaka 1776, ikaletwa makoloni ya Amerika mwaka 1778, kwamba vijana waombe idhini ya wazazi. Mwanachama mwenye ndoa ya 1750 na nyingine ya 1790 aziweke sambamba, atayaona mabadiliko hayo katika karatasi zake mwenyewe.

Pamoja na hayo, kitabu cha kwanza cha klabu nisingekifanya cha Seed. Ningeanza na "Pueblo en vilo" cha Luis González y González, kilichotoka mwaka 1968, na nina sababu.

González alizaliwa mwaka 1925 katika kijiji cha San José de Gracia, Michoacán, kilichoanzishwa mwaka 1888 na wafugaji wa ranchi za jirani. Akawa mwanahistoria wa El Colegio de México, taasisi ya wasomi wakubwa wa nchi hiyo, na alipopewa likizo ya utafiti akarudi kijijini kwao kuandika historia yake. Wenzake walikuwa wakiandika juu ya marais na mapinduzi. Yeye aliandika juu ya kijiji ambacho hakikuzaa jenerali wala hakikupiganiwa vita maarufu, kijiji cha ng'ombe, maziwa na jibini, padri mwenye amri kuliko serikali, watu wanaogombania mipaka na kuoana wao kwa wao. Alitumia madaftari ya parokia, hati za mthibitishaji, na kumbukumbu za wazee wakiwamo mama yake na baba yake. Kitabu kiligeuza namna ya kuandika historia Mexico. Mwaka 1979 González akaanzisha El Colegio de Michoacán mjini Zamora, nacho kimeendelea kutoa vitabu vya aina hiyo, vya eneo moja moja, ambavyo kwa mtafiti wa nasaba ni chakula.

Kitabu hicho kinamfundisha msomaji kwamba babu yake asiyejulikana ana historia, na kwamba nyenzo za kuiandika ni zilezile alizonazo mezani. Nimeona watu waliokata tamaa na utafiti wakirudi kwa ari baada ya sura mbili. Kina faida ya pili pia: kipo kwa Kihispania na kwa Kiingereza, hivyo binamu wa Guadalajara na binamu wa Texas wanaweza kukisoma pamoja.

Halafu kuna ile familia iliyotoweka mwaka 1927. Rais Plutarco Elías Calles alipokaza sheria dhidi ya Kanisa, maaskofu walisimamisha ibada makanisani kuanzia tarehe 31 Julai 1926. Wakulima wa Jalisco, Michoacán, Guanajuato na Zacatecas walichukua silaha, na vita hivyo, vilivyoitwa vya Wakristero, vikaendelea mpaka makubaliano ya Juni 1929. San José de Gracia kilikuwa miongoni mwa vijiji vilivyoinuka. Jeshi liliwaondoa wakazi na kukichoma moto. Kwa karibu miaka mitatu watoto walibatizwa majumbani, machakani, na mapadri waliojificha, na maandishi yakaingizwa daftarini baadaye, au katika parokia nyingine, au hayakuingizwa kabisa. Mtafiti anayeona pengo katika daftari la parokia kati ya 1926 na 1929 hudhani kurasa zimepotea. Hazikupotea; kengele zilikuwa kimya. Atafute kwanza usajili wa serikali, kisha miji mikubwa ambako wakimbizi walipanga vyumba, kisha orodha za waliovuka mpaka kuingia Marekani kupitia El Paso na Laredo. Jean Meyer, Mfaransa aliyehamia Mexico na kuwa raia, aliwahoji wapiganaji waliokuwa hai na kuandika juzuu tatu za "La Cristiada" katika miaka ya 1970. Klabu isijitwishe zote tatu. Achague kila mmoja sura zinazohusu eneo lake, aje awasimulie wengine.

Wale ndugu wanne waliozikwa ndani ya wiki tatu nao wanahitaji maelezo mafupi tu. Klabu ibandike ukutani, mahali pa ile michoro niliyoipiga marufuku, miaka ya mauti: maradhi ya matlazahuatl ya 1736 mpaka 1739, ndui ya 1779 na 1780, njaa ya 1785 na 1786, baada ya baridi kali ya mwezi Agosti kuua mahindi shambani, ndui tena mwishoni mwa miaka ya 1790, kipindupindu cha 1833. Mwaka 1804 msafara wa daktari Francisco Xavier de Balmis ulifika na chanjo ya ndui kutoka Hispania. Hapakuwa na barafu wala chupa ya kuihifadhi, kwa hiyo ilisafirishwa katika mikono ya watoto wa kiume mayatima, wakichanjwa wawili wawili kila baada ya siku kadhaa ili isife njiani. Watoto hao hawakurudishwa kwao, waliachwa Mexico. Sijasikia mtafiti aliyejikuta ni mzao wa mmoja wao, lakini ningependa kumsikia.

Sasa niseme juu ya hadithi za nyumbani, kwa sababu zitaingia klabuni mtu akitaka asitake. Nyanda za juu za Jalisco watu wengi wana macho ya rangi ya maji na nywele nyepesi, na wengi huambiwa kwamba ni kazi ya askari wa Ufaransa waliokuja kumweka Maximilian kwenye kiti cha enzi katika miaka ya 1860. Madaftari ya huko yanaonyesha koo zilezile zikioana tangu karne ya 17, muda mrefu kabla Mfaransa hajatia mguu. Wengine wana hakika kwamba ni wazao wa Moctezuma. Wapo kweli wazao wake, na Donald Chipman amewaandikia kitabu, lakini walikuwa watu wa kesi na mashamba na vyeo, waliacha makaratasi mengi kupita kiasi. Aliye mzao wao kwa kawaida hahitaji kubahatisha.

Hadithi ya tatu ni nyeti zaidi. Kaskazini, Nuevo León na Coahuila, familia nyingi husema kwamba ni Wayahudi waliojificha. Msingi wa kihistoria upo. Luis de Carvajal, aliyepewa mwaka 1579 haki ya kuutawala Ufalme Mpya wa León, alitoka katika ukoo wa Wayahudi waliobatizwa Ureno. Alikamatwa na Baraza la Kuhukumu Wazushi akafa kizuizini, na mpwa wake mwenye jina hilohilo, aliyeshika dini ya Kiyahudi kwa siri, alichomwa Mexico mwezi Desemba 1596. Mpwa huyo aliandika kumbukumbu za maisha yake kwa herufi ndogo mno katika kijitabu kilichotoweka kwenye hifadhi ya nyaraka ya taifa mwaka 1932, kikaja kuonekana kwenye mnada, na kurudishwa Mexico mwaka 2017. Ni kisa kinachostahili kikao kizima. Lakini kutoka kwa Carvajal kuja kwa bibi aliyewasha mishumaa Ijumaa jioni kuna vizazi kumi na viwili hivi, na kila kimoja kinadai karatasi yake. Klabu isimcheke anayeileta hadithi hiyo wala isimpigie makofi. Imwombe karatasi ya kizazi kinachofuata.

Kuna kitabu kimoja ambacho hakisomwi kutoka mwanzo mpaka mwisho, na bado klabu isiyo nacho inatembea gizani: mwongozo wa Peter Gerhard wa jiografia ya kihistoria ya Hispania Mpya, wa mwaka 1972, pamoja na vitabu vyake viwili vilivyofuata juu ya mipaka ya kaskazini na ya kusini-mashariki. Gerhard anachukua wilaya za utawala kama zilivyokuwa mwaka 1786, anaeleza kwa kila moja nani aliitawala, parokia zake zilizaliwa lini na kutokana na ipi, vijiji vyake vilihamishwa wapi. Bila yeye watu hupoteza miaka. Aguascalientes ilikuwa sehemu ya Zacatecas mpaka 1835. Jimbo la Guerrero liliundwa mwaka 1849 kwa kumega majirani. Mtu wa Cuernavaca aliyesema mwaka 1860 kwamba kazaliwa Jimbo la Mexico alisema kweli, maana Morelos haikuwapo mpaka 1869. Na Mwindio wa Saltillo huenda asili yake si ya Saltillo hata kidogo: mwaka 1591 familia kama 400 za Tlaxcala zilihamishiwa kaskazini ili ziwe mfano kwa makabila yaliyopigana na Wahispania tangu fedha ilipogunduliwa Zacatecas mwaka 1546, na sehemu yao ilijengewa mji wao ubavuni mwa Saltillo. Philip Powell aliviandika vita hivyo mwaka 1952, na kitabu chake kinasomeka vizuri.

Kwa wanachama wa Marekani ningeongeza kitabu cha Francisco Balderrama na Raymond Rodríguez juu ya miaka ya 1930, wakati Wamexico mamia ya maelfu, wengi wao watoto waliozaliwa Marekani na raia wake, walipakiwa kwenye treni au kubanwa mpaka wakaondoka wenyewe. Mtu anayeona familia katika sensa ya Marekani ya 1930 kisha haioni tena ya 1940 atakisoma kwa moyo mzito. Kuna kitu cha kumsaidia: Mexico nayo ilihesabu watu wake tarehe 15 Mei 1930, na karatasi za kaya za sensa hiyo zimehifadhiwa karibu zote isipokuwa za mji mkuu, hivyo anaweza kuona ni jamaa gani walikuwa bado kijijini wa kuwapokea waliorudishwa.

Bado kuna suala la lugha, ambalo ndilo linaloua klabu nyingi kuliko bei ya vitabu. Nusu ya wanachama watakuwa hawasomi Kihispania kwa raha, na nusu ya vitabu bora havijatafsiriwa. Msilazimishe. Gaweni sura, anayejua asome na kuwasimulia wenzake kwa lugha ya kikao, kama wanavyofanya wanaodarasa vitabu misikitini kwetu. Kuhusu gharama, taasisi ya historia ya Chuo Kikuu cha Taifa cha Mexico imeviweka vitabu vyake vingi kwenye mtandao bure, na maktaba za umma za Marekani huazimana vitabu zikiombwa.

Kikao cha kwanza kisiwe na kitabu kabisa. Kila mmoja alete karatasi moja inayomsumbua, aisome, wengine waulize. Mkimaliza duru mtakuwa na maswali kumi, na manne kati yake yatakuwa yanahusu jambo moja; hapo mmepata kitabu cha tatu, baada ya González na Seed. Kila mwanachama apewe dakika tano tu za kueleza mti wake, na saa iwekwe mezani. Mwenyekiti si lazima. Katibu ni lazima, mwenye mwandiko unaosomeka, kwani orodha ya karatasi zilizowashinda ndiyo itakayochagua vitabu vya mwaka unaofuata.